Kofia ya Marehemu Poma

Yesenia Cárhuaz alikuwa na kibanda cha kuchapa kadi na mabango nyuma ya soko la mji wa Huancayo, na watu walimjua kwa picha zake za maneno. Ukimletea picha ya mtu wako na maneno yanayomhusu, aliichora sura kwa mistari kwenye kompyuta, kisha akayapinda maneno yafuate shavu na kidevu, membamba penye mwanga, mazito penye kivuli. Ukisimama mbali unamwona mtu, ukisogea unamsoma.

Zósima Poma alikwenda kwake miezi michache baada ya kufiwa na mumewe, Eleuterio, mpiga saksafoni. Hakuwa msemaji sana. Alikaa kwenye stuli akasema mumewe alipenda supu ya utumbo ya moto kabisa, kwamba alipiga saksafoni huku amefumba macho, kwamba hata wakigombana hakukosa kumwachia chai mezani. Yesenia akayaandika yote. Yakatosha uso na mabega, yakaishia kwenye ukingo wa kofia aliyoivaa pichani.

Na kofia ilikuwa kubwa, nyeusi, ya kumeza maneno. Angeweza kumpigia simu yule mama. Alijiambia kwamba hataki kumrudisha kwenye kilio, lakini ukweli ni kwamba alikuwa amechoka, na menyu ya mkahawa mmoja wa kuku aliyokuwa ameimaliza asubuhi bado ilikuwa wazi kwenye kompyuta. Akainakili, akaimimina ndani ya kofia, akaipunguza mpaka herufi zikawa kama punje za mchanga. Nani angezisoma? Ilikuwa picha ya fremu ya sebuleni.

Zósima alipoipokea aliuliza kama yote yaliyomo ni ya Eleuterio.

"Kila herufi, mama," Yesenia alimjibu, akampa na faili la kompyuta la picha hiyo.

Misa ya mwaka mmoja wa kifo ilipofika, Yesenia naye alialikwa. Alipoingia ukumbini kwenye chakula, alikutana na ile kofia ukutani. Wanabendi wenzake Eleuterio walikuwa wamelichukua lile faili wakachapisha bango la ukuta mzima. Picha ya mistari haipotezi ukali hata uikuze vipi. Ndiyo sifa aliyokuwa akiwatambia wateja kila siku. Sasa kila herufi ilikuwa kali, nyeusi, kubwa kama kidole gumba.

Fortunato, mpiga kinubi, alikuwa ameinua shingo akisoma polepole. "Robo kuku, chipsi na kachumbari." Akawageukia wenzake. "Jamani, Eleuterio alipenda kula, lakini siyo kiasi hiki."

Mtu wa nyuma akaendelea, "Kuku mzima, soda bure," na meza mbili zikacheka. Zósima akasimama akauliza kuna nini. Kicheko kikakatika. Akatoa miwani mfukoni, akasoma mwenyewe, mstari baada ya mstari, kisha akamtafuta Yesenia kwa macho.

"Mwanangu, haya maneno ni ya nani?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: waliochapa ndio waliokosea. Yesenia akaumeza.

"Ni ya mkahawa, mama. Yako yaliniishia, nikaona uvivu kukuuliza mengine."

"Mimi kila asubuhi naishika ile kofia," Zósima alisema bila kupaza sauti. "Naisemesha."

Yesenia alitamani atukanwe. Mjane akavua miwani.

"Waliomjua wote wako humu. Tafuta kitu cha kuandikia, uwapitie mmoja mmoja. Na supu usiguse mpaka umalize."

Akawapitia. Wengine walijibu huku wanatazama bakuli. Mmoja alimuuliza kama leo kuna punguzo la bei, naye akasubiri kicheko kiishe, kalamu mkononi. Fortunato alimweleza jinsi Eleuterio alivyopiga harusi nzima akiwa na jino bovu, shavu limevimba, asimwambie bwana harusi. Mama mmoja wa shali ya kijani alisema kwamba walipomzika mama yake, Eleuterio alipiga saksafoni chini ya mvua ya mawe, akakataa kusogea kwenye hema. Yesenia aliyaandika yote akiwa amesimama, na kwa kila neno aliona wazi jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kuuliza.

Picha mpya aliipeleka mwenyewe. Safari hii maneno yalijaa kofia yakabaki. Zósima aliisoma yote, Yesenia akimsubiri mlangoni bila kuambiwa karibu kiti. Mwishowe yule mama akaitundika, akaishusha ile ya zamani akamkabidhi.

"Hii ondoka nayo. Mimi siwezi kuichana, ni uso wake."

Yesenia naye hakuweza. Iko kibandani mpaka leo, nyuma ya mashine, imegeuziwa ukuta. Mteja akiuliza ni picha ya nani, husema tu kwamba haiuzwi.