Kimbunga Adai Jina Lake

Enzi nikiwa mtoto kule Burumba, mjini Busia, miaka ya sabini, kila kitu chenye mbio au nguvu kiliitwa Kimbunga. Basi lililotutimulia vumbi machoni lilikuwa Kimbunga. Timu ya mpira ya vijana wa mtaa wetu ilikuwa Kimbunga, ingawa ilifungwa karibu kila Jumapili. Chang'aa ya mama mmoja nyuma ya soko nayo iliitwa hivyo hivyo, na hiyo angalau ilistahili. Hata baiskeli ya baba yangu mdogo, Wandera, aliyebeba abiria kutoka upande wetu wa mpaka hadi ule wa Uganda, ilikuwa imeandikwa KIMBUNGA kwa rangi nyekundu kwenye madigadi ya nyuma.

Hakuna aliyeona ubaya wowote, mpaka mama alipojifungua kaka yangu na kaka akakataa kunyonya.

Alikuwa akishika titi kidogo, analiachia, analia. Baada ya siku chache sauti ilikuwa imemwisha, akawa anakunja uso tu. Mama alimpeleka zahanati, wakampaka mdomoni dawa ya rangi ya zambarau, akarudi na midomo kama mtu aliyefumaniwa akila matunda ya wenyewe. Mimi niliogopa vibaya. Nilikuwa mtoto wa pekee pale nyumbani, na nilikuwa nimemngojea huyo ndugu kwa hamu hadi nikachoka kuuliza.

Kwetu mtoto akilia bila kukoma, wazee husema anatafuta jina. Hutajiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, na akisikia lake anatulia. Nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Kukhu, alimpakata akaanza kuyataja. Alitaja wajomba, akataja mashangazi. Alipofika kwa shangazi mmoja aliyekuwa mchoyo sana katika uhai wake, mtoto alipata nguvu ya kulia upya, nasi tukacheka tukiwa na machozi. Halafu Kukhu akajipiga paja.

"Ni mzee Kimbunga," alisema.

Huyo alikuwa baba ya babu yangu. Jina alilipata alipokuwa mpagazi katika vita vya wazungu, akarudi nalo nyumbani, akazikwa nalo.

"Si umwite basi, mama," mama yangu alisihi.

"Nimwite aje? Jina yake iko kwa baiskeli. Iko kwa ng'ombe. Mzee ataingia kwa mtoto namna gani na watu wamemtawanya hivyo?"

Mambo ya basi, mpira na chang'aa hayakumhusu Kukhu, kwa kuwa hayo yalikuwa ya watu wengine. Yaliyotoka katika nyumba yetu yalikuwa mawili: baiskeli ya Wandera, na dume moja la kulima ambalo babu alilifuga, akalipa jina la baba yake kwa mapenzi, kisha akamuuzia Mzee Ekisa, mtu wa kabila la Wateso, wa kijiji cha Adungosi. Jina lilipaswa kuvuliwa pale kwanza, ndipo avikwe mtoto. Kisha Kukhu akamgeukia Wandera. "Na wewe, upepo ikikupata na hiyo jina nyuma yako, itakuangusha."

Wandera alicheka. "Mama, customer wananijua na hiyo jina. Waganda wakinikuta pale border ni, 'Kimbunga, ssebo, nipeleke.' Nikifuta nitakula nini?" Akapanda baiskeli akaenda zake.

Alasiri ile upepo ulikuja. Watu wa Busia wanaujua ule upepo wa kabla ya mvua, unaotoka upande wa ziwa na kubeba kila kilichosahauliwa nje. Ulibeba beseni yetu, ukabeba shuka la jirani, ukang'oa bati moja la jikoni na kulipeleka tusikokujua. Mvua ilipopungua, tulimwona Wandera akija anaikokota baiskeli, nusu ya mwili imejaa matope, goti linatoka damu. Nyuma yake alikuwa mama mmoja mnene, mfanyabiashara wa Uganda, amekumbatia katoni ya sabuni iliyolowa, akimkaripia kwa Kiganda na Kiswahili bila kupumua. Upepo ulikuwa umewatupa wote wawili mtaroni.

Kukhu alitazama goti, kisha yale maandishi mekundu. Nadhani kutazamwa hivyo ndiko kulikomuumiza Wandera kuliko goti. Wandera aliingia ndani, akatoka na kisu, akachuchumaa na kuanza kukwangua rangi.

"Sasa huyu anafanya nini?" yule mama aliuliza. Nilimweleza habari za mtoto. Akachungulia ndani, akamwona mama yangu kitandani na kile kiumbe chenye midomo ya zambarau. Akaweka chini katoni yake, akamnyang'anya Wandera kisu.

"Leta hapa, ssebo. Umeacha KIM."

Asubuhi yake Wandera alinipakia, tukaenda Adungosi. Mzee Ekisa tulimkuta shambani na plau. "Yoga," alitusalimia kwa Kiteso, akasikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Huyu ng'ombe anajua jina moja tu. Mvua imeanza na mimi niko nusu ya shamba. Nikimwita ingine atanisimamia hapa."

Alikuwa na haki kabisa, hata mimi mtoto nililiona hilo. Nikasema, "Mtoto hanyonyi, mzee," nikaangua kilio.

Mzee Ekisa alinitazama. Akaenda kwa dume, akaliinamia sikioni, akaliambia maneno mengi kwa lugha yake, akalipiga mgongoni. "Mwambie Kukhu nimetoa. Kutoka leo anaitwa Ekisa, kama mimi."

Tulipoondoka dume lilikuwa limesimama kama nguzo. Majirani walikuwa wameacha majembe wakicheka, na mzee wa watu anaita, "Ekisa! Tembea! Ekisa, we!"

Jioni Kukhu alimwita mtoto kwa jina lake mlangoni. Kaka alinyonya hadi akasinzia na titi mdomoni, na mama akalia kwa sauti.

Mama hadi leo husema ilikuwa dawa ya zahanati. Kukhu alikufa akijua ilikuwa ni mzee. Kaka mwenyewe, mwenye kitambi cha kutosha sasa, husema alikuwa na njaa tu. Wakianza kubishana mimi huwa siingii. Huwa namkumbuka yule mgeni mwenye sabuni zilizoharibika akikwangua madigadi ya mtu aliyemwangusha. Namkumbuka Mzee Ekisa, asiye wa ukoo wetu wala wa lugha yetu, aliyelima msimu mzima akijikaripia mwenyewe mbele ya majirani, ili mtoto ambaye hajawahi kumtia machoni apate kunyonya. Nilipendwa katika mji ule, na nilijua nimependwa.