Helmeti ya Wageni

Mwaka 2014 Milka alikuwa mlinzi wa geti kwenye uwanja mmoja wa gokati hapa Doha, vile vigari vya mashindano visivyo na paa wala mlango. Mimi Tatu, msafisha vyumba hotelini, nilikaa naye chumba kimoja mtaa wa Al Mansoura. Ninayoyasema nimeyaona, sikuhadithiwa.

Kazi ya geti ni kusimama. Milka alisimama juani hadi miguu ikavimba, huku wenye pesa wakimpita wameketi. Ndipo klabu ya uwanjani ilipotangaza mbio za wanawake wanaoanza, kila Ijumaa, bure, hata kwa wafanyakazi.

"Tatu, nimechoka kusimama," aliniambia. "Hata kama ni mara moja tu, nikalie hiyo kitu, nishike usukani, niende."

Nilimcheka. Baadaye nikamwonea wivu, maana alikuwa anatembea chumbani kama bi harusi.

Ijumaa ya kwanza alirudi uso umemshuka. Helmeti ya wageni ilikuwa moja tu, na haikuingia juu ya rasta zake. Bwana wa klabu akamwambia kwamba mtu mwenye nia ya kweli huja na helmeti yake. Yake! Mshahara wa Milka ulikuwa wa watu wa mumewe huko Siaya, Kenya, kabla haujamfikia. Akamwomba bibi mmoja wa The Pearl, mtaa wa matajiri, aliyekuja na mbili. Bibi alimjibu kistaarabu kabisa kuwa helmeti haziazimwi, zinaingia jasho, halafu akatumbukiza funguo na chupa ya maji ndani ya ile ya pili.

Milka akafumua rasta. Nywele zake, Mungu alimjalia, zikafura zikawa nyingi kuliko rasta zenyewe. Vinyozi wa mtaani kwetu hawapokei wanawake, na saluni za wanawake tulizijua kwa nje tu. Alhamisi akanunua wembe, akainama juu ya ndoo, nikamnyoa mpaka kichwa kikang'aa. Alijipapasa akacheka hadi machozi. Akapiga picha, akamtumia mumewe, Oloo.

Simu ikaita papo hapo. Hakuwa Oloo, alikuwa mama mkwe. Kwao Waluo mke hunyolewa hivyo akifiwa na mume, na mimi mtu wa Tanga ningejuaje? Milka alijua, ila siku hiyo kichwani mwake mlikuwa na gokati tu. Walisemezana Kijaluo, akanitafsiria baadaye, na afadhali asingenitafsiria.

"Umemnyolea mwanangu akiwa hai?"

"Mama, ni ya mbio. Ni ya helmeti."

"Basi kimbia. Hapa kwangu usirudi. Mume wako umeshamzika."

Oloo alikuwa palepale, tulimsikia akikohoa. Hakumtetea mkewe hata kwa neno moja, mwanamume mzima.

Kesho yake Milka akaenda hivyo hivyo, nami nikamfuata. Yaliyoharibika yameshaharibika, nilijiambia, angalau akalie hicho kigari.

Helmeti iliingia. Bwana wa klabu akaisukuma kidogo kwa kidole, ikazunguka, Milka akabaki anatazama sponji ya ndani. Wanawake waliokwisha kuketi kwenye gokati walicheka, na mmoja akampiga picha.

"Imekuwa kubwa," bwana alisema. "Ni hatari. Rudi nywele zikiota." Halafu akakumbuka jambo. "Kwa kuwa upo, shika geti. Mwenzako amechelewa."

Milka akavaa kofia ya kazi, nayo ikamshuka machoni. Akasimama. Nyuma yetu gokati zikawashwa, nami nikatukana kwa lugha zote ninazozijua. Yeye hakugeuka kutazama.

Mwenzake, Omondi wa Kisumu, Mluo kama yeye, alifika akitweta kupokea zamu. Alipoona chini ya kofia ya Milka kichwa kimenyolewa, akavua ya kwake.

"Woi, Milka. Pole sana, dadangu. Oloo amekufa lini?"

Nilifungua mdomo nimweleze. Milka akanishika mkono.

"Jana," alisema, akaenda kulifungulia geti gari lililokuwa linapiga honi.