Mama Mkwe Alipopanda Kwa Pilato

Mgongo wangu uligoma siku niliyoinama kuokota sabuni bafuni nikashindwa kunyooka. Mume wangu alinitoa huko kanishika makwapani, anajizuia asicheke, na kujizuia kwake kukaniuma kuliko mgongo wenyewe. Muuguzi wa kituo cha afya, hapahapa Rumonge, alinibonyeza kiuno akauliza ualimu nimeufanya miaka mingapi. Nikamwambia ishirini na sita.

"Na mazoezi?"

"Nafanya, Jumatano na Ijumaa. Ya kwaya."

Hakucheka. Aliniambia kuna dada katoka Bujumbura, kafungua chumba cha mazoezi ghorofani, juu ya duka la mabati karibu na soko. Anafundisha barre na Pilates. Niende huko.

Kosa langu lilikuwa namna nilivyoitangaza habari hiyo nyumbani. Nilipaza sauti kutoka jikoni kwamba kila Jumamosi asubuhi nitakuwa naenda barre, na Pilates. Mama mkwe, aliyekuwa ameshuka kutoka Bugarama, kule milimani, kukaa nasi wiki chache, alikuwa sebuleni anachambua maharage. Nikasikia maharage yamenyamaza.

"Baa?" akasema. "Asubuhi? Tena kwa Pilato?"

"Mama, ni siporo, mazoezi ya mwili," mume wangu akamwambia.

"Pilato yuleyule aliyenawa mikono?"

Nilitoka jikoni nikamweleza kwamba barre si baa ya pombe, ni mti tu wa kushikilia, na Pilates ni jina la mazoezi ya tumbo na mgongo. Alinisikiliza kwa heshima zote, kama mtu anavyomsikiliza mwongo aliye mgeni wake. Kisha akarudi kwenye maharage.

Jumamosi ya kwanza nilikuta wanawake wanane, mimi nikawa wa tisa. Chumba kiliwahi kuwa stoo ya mafuta ya mawese, na joto likipanda ukuta ulikuwa bado unatoa ile harufu. Fundi seremala alikuwa amepigilia mti mrefu ukutani, usawa wa kiuno. Mwalimu wetu alikuwa mwembamba, umri wa wanafunzi wangu wa zamani, na alisema kila kitu kwa upole. "Inua visigino kidogo tu. Kunja magoti kidogo tu. Sasa tulia hapohapo." Nikamdharau. Kabla dakika haijaisha mapaja yangu yalikuwa yanatetemeka kama mashine ya kusaga mihogo. Halafu tukalala kwenye mikeka, vichwa juu, miguu juu, tukipigapiga mikono hewani mpaka mia. Mimi nilifika thelathini, nikajifanya kitambaa changu cha kichwa kimefunguka.

Jumamosi ya tatu tulikuwa kwenye mti, visigino juu, magoti yamekunjwa, mlango ukafunguliwa. Mama mkwe. Amevaa vitenge vyake vya kanisani, rozari mkononi.

"Amahoro," akasema.

Tukaitikia kwa sauti za watu wanaobeba gunia. Yeye akakagua pembe zote za chumba. Chupa alizoziona zilikuwa za maji.

"Pilato yuko wapi?" akamuuliza mwalimu.

"Ni mzungu wa zamani, mama. Ndiye aliyeanzisha mazoezi haya. Alishakufa."

"Masikini. Alibatizwa?"

"Sijui, mama."

"Basi tumuombee."

Akapiga ishara ya msalaba, akafumba macho, akaanza. Mwalimu alikuwa hajatuambia tushuke, na sasa hangeweza tena, maana ni nani atakayemkatiza mama mzee anayeombea marehemu? Mwalimu mwenyewe alikuwa juu ya vidole kama sisi. Mama mkwe alimuombea yule mzungu, akawaombea wazazi wake, akaiombea nchi yake popote ilipo. Akahamia kwa wavuvi wa Gitaza, wapate ndagala, wale dagaa wa ziwani. Akakumbuka mvua ya Bugarama. Jasho liliniingia machoni nikashindwa kulipangusa. Jirani yangu, mfanyabiashara wa mawese, mnene kunizidi, akaanza kulia polepole: "Yesu wangu, Yesu wangu." Mama mkwe aliona roho imeshuka, akaongeza nguvu, akaanza kuwataja wagonjwa wa parokia yake mmoja mmoja.

Aliposema amina, watu kumi tulianguka kwa mpigo mmoja. Mwalimu alikuwa wa kwanza kufika chini.

Mama mkwe alitutazama tulivyotapakaa mikekani, machozi na jasho usoni, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nilidhani iko baa," akasema. "Kumbe hapa watu wanasali kweli. Murakoze cane, asanteni sana."

Kushuka ngazi ilibidi anishike mkono, yeye wa miaka sabini na kitu, mimi wa hamsini na mbili. Magoti yangu yalikuwa yanaenda kila moja kwake. Tulipofika nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma nimemshika bega, mume wangu alisimama mlangoni akauliza ni nani kampeleka mwenzake hospitali.

"Mke wako ana imani," mama yake akamjibu. "Sikujua."

Mwezi wa pili wa mazoezi mgongo ulianza kulegea, na sasa nafika themanini bila kugusa kitambaa. Mama mkwe amerudi Bugarama, ambako anawaambia watu kwamba mkwe wake yumo katika kikundi kikali cha maombi. Mwalimu bado ananiuliza atashuka lini tena. Anasema tangu aanze kufundisha hajaona darasa likikaa juu ya vidole muda mrefu vile, na angependa siku ile ijirudie. Wenzangu wanane wamenikataza kumjibu.