Wiski Iliyokataa Kuwaka

Nakumbuka siku ambayo Papa alisogeza kiberiti kwenye kijiko cha wiski ya posa yangu, mbele ya wakwe, na kiberiti kikafa. Hapo, mwanangu, nilikaribia kumpoteza mume kabla sijampata.

Nianze mwanzo. Sisi ni watu wa Butembo, lakini tulikuwa tunakaa mtaa wa Ndosho, mbali na kwetu, na nyumbani kwetu pombe ilikuwa na kipimo kimoja. Papa alipenda kanyanga, ile pombe kali inayochemshwa na kukingwa tone kwa tone. Kanyanga nzuri ukiitia kijikoni na kuisogezea moto, inawaka kibuluu. Isipowaka, imetiwa maji, na aliyeileta ni mwongo. Kijiko hicho kilikuwa kimeshawatoa wengi uani kwetu, na mmoja wao alikuwa katekista.

Kambale, kijana aliyetaka kunioa, alikuwa dereva wa lori la kwenda Bunagana, kule mpakani. Hakuwa mtu wa maneno, na siku ile hakuruhusiwa hata hayo machache: kwa desturi mwenye kuposa hufunga mdomo, akasemewa na baba yake mdogo. Wageni huleta chupa, kisha binti huulizwa mbele ya wote: tuinywe ao tuirudishe? Akisema inywewe, mazungumzo yanaendelea. Akisema irudishwe, wageni wanarudi kwao na mbuzi wao.

Mimi ndiye niliyeibeba ile chupa kwenye sinia. Niliona karatasi ya kufungia shingoni imechanika, nikasema moyoni, njia ya Bunagana haina huruma. Wiski yenyewe ilikuwa imepauka kama nyasi za kiangazi. Sisi tulizoea ile yenye rangi ya chai.

Baba mdogo akasimama, akatueleza kwamba ni wiski ya Uskoti, ya shayiri tupu, ya kiwanda kimoja, na kwamba ni nyepesi na laini. Neno "nyepesi" lilimharibia kila kitu.

Papa akameza funda moja, akasubiri. Mnywaji wa kanyanga husubiri koo limlalamikie. Koo lilikaa kimya.

"Muzee, si nilisema ni laini," baba mdogo akasema.

"Hata maji ya kunawa ni laini," Papa akajibu, akaitisha kijiko.

Kiberiti cha kwanza kikafa. Cha pili kikafa. Mtu mmoja nyuma akasema polepole, "Hii imebatizwa." Kambale alikuwa akiangalia viatu vyake kama mtu anayetafuta mlango chini.

Papa akanigeukia. "Masika, mutoto wangu, tuinywe ao tuirudishe?"

Nilimpenda Kambale, mwanangu, usije ukafikiri vingine. Lakini aibu ni mzigo mzito, na kijana huutua popote, hata juu ya mguu wake mwenyewe. Nikafungua mdomo niseme irudishwe.

"Umeonja?" Hiyo ilikuwa sauti ya Koko, mama yake Papa, kutoka kwenye mkeka wake.

"Hapana, Koko. Lakini haikuwaka."

"Anayeolewa ni kiberiti ao ni weye?"

Watu wakacheka mpaka mbuzi akalia. Koko hakucheka. "Kiberiti kimesema yake," akasema. "Sasa sema yako."

Nikaonja. Kwanza sikusikia kitu, ila joto dogo, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. Nilikuwa bado nasubiri aingie, ndipo Kambale, ambaye hakutakiwa kusema, akasema.

"Mutie maji kidogo."

Watu wote wakamgeukia.

"Maji ingine tena?" Papa akauliza.

Kambale alitoka jasho, lakini alishafungua mdomo. Alisema muuzaji wa Bunagana ndiye aliyemfundisha: wiski ya namna hii hainywewi kwa funda moja, hunuswa kwanza, na matone ya maji huiamsha. Koko akachovya vidole katika kikombe chake cha maji ya kunywea dawa, akayadondosha kwenye gilasi yangu.

Nikanusa. Ikaja asali, zikaja nyasi zilizokatwa asubuhi, halafu kikaja kitu nilichokijua ila jina lilikuwa limenitoka. Nikampa Papa gilasi. Alinusa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Vanila," akasema. "Vanila ya kwa dada yangu kule Beni, ikianikwa barazani." Akanusa tena. "Hawa watu wa Uskoti walipita saa ngapi?"

Nikasema, "Inywewe, Papa."

Mwanangu, debe tupu haliachi kuvuma, na kimya kingi kina mshindo mkuu. Kipimo cha kanyanga ni kizuri kwa kanyanga. Ukikipeleka kwa kila kitu, utabaki na vitu vinavyowaka tu, na nyumba haijengwi kwa moto. Kinywaji, kazi, ao mtu: kabla hujasema kirudishwe, onja mwenyewe, na uonje polepole. Na nikisema onja, nasema onja. Kuonja si kulewa. Swali uliloulizwa wewe, usimwachie mwingine akujibie, sembuse kiberiti.

Mungu akupe pua yenye subira na ulimi usiotangulia. Akupe na Koko wa kukukatiza maneno kwa wakati wake.

Limebaki jambo moja. Tangu siku ile nimeonja chupa nyingine za wiski ileile, na vanila yake naisikia bila kutia hata tone la maji. Kwa hiyo ile karatasi ya shingoni bado inanisumbua: ilichanwa na njia ya Bunagana, ao na yule muuzaji, apate kutia maji yake? Kambale anasema ni njia. Koko, nilipomuuliza, alicheka tu, akaomba kikombe chake cha dawa.