Tope Tamu Nyuma ya Duka

Mjomba wangu alivunjwa mkono kwa sababu mimi niliosha sakafu.

Alikuwa muuzaji wa duka la kijiji, kwenye barabara ipandayo kutoka Karatu kuelekea geti la Ngorongoro. Mimi na mama tuliishi kwake tangu baba alipofariki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila mikono ninayo, na haraka.

Miaka ile ya mwanzo wa themanini sukari ilikuwa haionekani. Kijiji kilisubiri miezi, hatimaye lori likashusha magunia sita. Kesho yake, kabla hayajagawiwa, mvua ikapasua ukingo wa korongo. Maji mekundu yaliipiga nyumba yetu kama fahali, yakang'oa mlango, yakambeba mbuzi wa mama na kumbamiza mtini mpaka shingo ikavunjika. Yalipotoka kwetu yakaingia dukani.

Nyumba ya udongo haingojwi. Kabla jua halijazama mama alishika shoka, akazipiga kuta kama anayelipa kisasi. Udongo uliolowa ukaporomoka wote hadi usawa wa kiuno, fito zikabaki wazi kama mbavu, zipate kukauka. Tope tulilitoa kwa karai, tukawasha magogo katikati ya chumba, yakawaka siku mbili mfululizo. Hatukumwomba mtu ruhusa.

Dukani mjomba alifunga kufuli.

"Pale hapaguswi," aliniambia. "Ni mali ya kijiji. Afisa wa wilaya aje aone kwa macho yake kilichoharibika. Hata tope usiguse, mpwa wangu. Tope ndilo shahidi wangu."

Barabara ya Mbulu ilikuwa imekatika, kwa hiyo akaenda huko kwa miguu kumwita, maana Karatu ilikuwa bado chini ya wilaya ya Mbulu. Ufunguo akamwachia mama, iwapo afisa angetokea kwa njia nyingine.

Siku ya tatu unga wa dukani ulinuka hadi jikoni kwetu. Mama akasema, "Kaka atarudi aikute nyumba ya watu inaoza?" Sikungoja aseme mara ya pili. Nilitoa tope lote, nikalirundika nyuma ya duka, nikasugua saruji mpaka ikang'aa. Yale magunia yaliyobaki matupu niliyafua, nikayaanika kwenye kamba. Moyoni nilijisifu.

Mjomba alirudi peke yake mchana uliofuata. Afisa alikuwa amesema angefika kesho yake. Wanaume wa kijiji walikuwa wamejaa mlangoni mwa duka, wanayatazama magunia.

"Ndugu muuza duka, sukari iko wapi?"

"Imeyeyuka. Ingieni wenyewe muone." Akafungua, akaiona sakafu. Akanigeukia.

"Imeyeyuka, halafu ikajipiga deki!" mmoja alisema, wakacheka kicheko kibaya.

"Magunia matupu hata kwangu yapo, ila ya kwako yamefuliwa!"

"Iko Mang'ola hiyo, imepanda lori la vitunguu!"

Wa kwanza kupiga alikuwa jirani tuliyelima naye kwa ng'ombe wake kila msimu. Rungu lilitua kwenye mkono wa kulia, nikausikia mfupa. Wakamwangusha. Mateke ya mbavu, mateke ya kichwa, damu ikatapakaa kwenye saruji niliyoing'arisha. Nilijua tope lilipo, hatua ishirini tu. Nilisimama na ufagio mkononi mpaka mama alipowarukia na shoka wakatawanyika.

Asubuhi afisa alifika, suruali imekunjwa magotini. Akaitazama sakafu.

"Sasa hapa nitaandika nini, ndugu? Utakwenda kuwaeleza polisi."

Ndipo nilipopata ulimi. Nikampeleka nyuma. Rundo lilikuwa linanguruma: nyuki wamelifunika juu, sisimizi wamelizunguka chini. Afisa alichovya kijiti pembeni, akaonja, akatema, akaanza kuandika. Jirani, aliyekuwa amekuja kutazama, naye akaonja. Yeye hakutema.

Mjomba hakufungwa. Tangu wakati huo kazi yangu ni kukausha nyumba na hoteli zilizoingiwa na maji, kutoka Mang'ola hadi ukingo wa kreta. Nyumbani kwa mtu naanza na shoka. Mahali pa biashara nauliza kwanza ni nani anayetakiwa kuliona tope.

Wiki moja baada ya afisa kuondoka ukuta wetu ulikauka, na wanaume walewale wakaja kukandika, kwani kwetu nyumba iliyoingiwa na maji haikandikwi na mwenyewe peke yake. Jirani alichukua upande wa mlango, akipiga udongo kwa viganja vyake vipana. Mjomba aliwagawia pombe kwa mkono wa kushoto.

"Kandamiza vizuri hapo chini," alimwambia jirani.

"Ndiyo, kaka."

Hakuna aliyelitaja duka. Mimi nilikuwa nakoroga samadi na majivu. Jirani akaninyooshea mkono nimpe karai, na mkono wangu ukakataa. Nikaliweka chini, nikanawa, nikatoka hadi barabarani. Lori tupu lilikuwa linarudi Mang'ola kufuata vitunguu. Nikalipungia linichukue.