Risasi Nyembamba katika Vichaka vya Kurui

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, mihogo yangu ya Kurui ilipolala chini kama nguo zilizoangushwa na upepo. Nguruwe pori walikuwa wamepita tena. Kaka yangu Shomari akaenda Kibaha, akarudi na pakiti ya risasi nyembamba, ngumu, zenye ncha kama sindano.

Baba, aliyewinda maisha yake yote, akachukua moja, akaipapasa ncha.

"Hii imechongwa ikate upepo," akasema. "Ni ya mbugani, mnyama akiwa mbali. Hapa kwetu, Shomari, nguruwe unamwona akiwa wapi?"

"Karibu, baba."

"Sasa huo upepo utaukatia wapi? Chukua ile butu, yenye kichwa laini. Ikienda mbali inachoka, lakini kwa karibu ikiingia mwilini inapanuka, inamlaza."

Shomari akacheka. "Mzee, ile butu kama kidole gumba chako! Hii hata Mlandizi inafika."

"Nguruwe gani wa Mlandizi amekula muhogo wa dada yako?"

Nami nilicheka. Ndicho kicheko cha mwisho tulichocheka pamoja.

Risasi ya Shomari, ile yenye ncha, ilimpata nguruwe ubavuni, ikatokea upande wa pili, ikaacha tundu dogo tu. Hakuanguka. Akaingia kichakani. Na desturi yetu unaijua: aliyemjeruhi ndiye anayefuata damu, mnyama asije akamrarua mama anayechimba muhogo wake. Shomari akaifuata. Nguruwe alikuwa akimsubiri. Tulimbeba kaka yangu kwenye kitanda cha kamba, paja limepasuliwa kwa meno. Hospitali hakufika.

Baba hakusema, "Nilikwambia." Hata siku ya arobaini hakulisema. Mihogo niliiacha ikaoza.

Leo wewe una kibali cha bunduki, na simu yako imejaa video za watu wanaolenga shabaha jangwani. Nazungumza, macho yako yako kwenye kioo. Sina tumaini kwamba utanisikia. Nasema kwa sababu kunyamaza kunaniuma zaidi. Usichague risasi kwa mbio zake, mwanangu. Jiulize kwanza utasimama wapi, mnyama atakuwa umbali gani, nyuma yake kuna nani, na ikishamwingia itafanya nini. Risasi ya mbugani iache mbugani.

Nenda, Mungu akutangulie. Akurudishe kwangu kwa miguu yako mwenyewe.