Samli ya Mama Mkwe Ambayo Sikuwahi Kuipima

Admin, ficha jina. Mume wangu yuko humu na hapitwi na komenti.

Nina miaka thelathini na sita, nimeolewa Karungu lakini tunaishi Homa Bay. Mwaka jana sukari ilipopanda nilianza keto, ule mlo wa mafuta mengi na wanga kidogo. Kila kitu napima kwa mizani ndogo ya jikoni na kuingiza kwenye simu, hasa mafuta ya kupikia, maana ukisahau kijiko kimoja hesabu ya siku nzima ni uongo. Nilijifunza mwenyewe mtandaoni, na kama wengi waliojifunza wenyewe, nikawa mkali kuliko mwalimu.

Mama mkwe aliposikia mafuta ndiyo dawa yangu, alifurahi. Akawa anatikisa maziwa kwenye kibuyu na kunitumia chupa ya samli kila wiki kupitia mama mmoja muuza samaki. Sikuila. Chupa haikuwa na lebo, na mimi nilitaka gramu zilizoandikwa. Nilimpa jirani anayekaanga mandazi.

"Nyar Migori, imeisha?" Aliuliza kwa simu. Aliniita hivyo, yaani binti wa Migori, kwa sababu nimezaliwa Migori mjini.

"Imeisha, mama. Na sukari inashuka."

"Basi natikisa nyingine. Huu mgongo utazoea."

Nikacheka. Mwezi uliopita tulimzika.

Matangani, wifi yangu akaniambia mama alimaliza mwaka bila kutia samli kwenye mboga yake. "Tukiomba hata kijiko, anasema hiyo ni dawa ya nyar Migori."

Niliporudi nilikuta chupa ya mwisho, sijaigawa bado. Nikachota kijiko, nikaweka kwenye mizani. Gramu kumi na nne, sawasawa na ile ya dukani. Mizani ilikuwa hapo mezani mwaka mzima.

Sasa jirani akiwasha jiko, harufu ya samli inaingia kwangu. Nafunga dirisha, bado inaingia. Kwenye simu hakuna mahali pa kuiandika.

Jumamosi familia inakutana. Wifi anataka kunikabidhi kile kibuyu mbele ya watu, na mume wangu anataka nisimame. "Sema tu vile samli ya mama ilikuponya," ananiambia, halafu anageuka asionekane macho.

Nikisema ukweli, namzika mama yake mara ya pili. Nikinyamaza, jirani anajua samli ilikoenda, na mandazi huleta watu wengi wa kusimuliwa.

Chupa iko hapa mbele yangu, imepungua kijiko kimoja. Nyinyi ambao wakwe zenu bado wanapiga simu, niambieni: hicho kibuyu nitakipokea kwa mkono gani?